Sura ya Sita: Jumatatu ya Baniani

Katika miaka niliyokaa Masasi kwa mjomba wangu, nikisoma madarasa ya mwanzo, na hiyo ilikuwa baina ya mwaka 1963 na 1966, palikuwapo katika safu ya maduka ya Wahindi duka moja lenye baraza ya saruji na milango ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani, ambalo mwenyewe alikuwa Baniani wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kisogo, na ambaye kila Jumatatu, tokea alfajiri hata jua kuchwa, hakuwa akisema neno lolote na mtu yeyote. Duka hakulifunga. Alifungua saa ileile ya siku zote, akafagia baraza, akaketi nyuma ya kaunta yake, na aliyetaka kaniki akapimiwa kaniki, aliyetaka mafuta ya taa akamiminiwa mafuta ya taa, na chenji ikahesabiwa sarafu baada ya sarafu. Ila ulimi wake siku hiyo ulikuwa kana kwamba ameuacha nyumbani. Kando ya mizani alikuwa na kibao cheusi mfano wa vile tulivyoandikia sisi shuleni, chenye chaki iliyofungwa kamba, na humo aliandika bei kwa tarakimu kubwa za kupendeza; na kwa mnunuzi asiyejua kusoma, nao walikuwa wengi, aliinua vidole.

Nililolishika kuliko yote ni mkasi. Alipokwisha kuipima kaniki kwa kipande cha shaba kilichopigiliwa misumari ukingoni mwa kaunta, alikuwa akiitia mkasi kidogo tu kwenye pindo, kisha akausukuma mbele bila kuufumba, na kitambaa kikapasuka kwa sauti ndefu, nyororo, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Mkasi ule ulilia hivyo siku zote sita za biashara. Walakini mimi niliusikia siku za Jumatatu tu.

Nilipomwuliza mjomba habari za mtu huyu, alinijibu bila kuinua macho kwenye kiatu alichokuwa akikishona.

"Baniani leo kafunga."

"Kafunga nini, mjomba?"

"Kafunga mdomo. Sisi twafunga tumbo, yeye kafunga mdomo. Nenda kanunue chumvi, na usimsumbue mtu katika ibada yake."

Baniani ndilo jina ambalo watu wa pwani, tangu zama za Seyyid Said, wakati forodha ya Unguja ilipokuwa mikononi mwa Jairam Shivji na jamaa zake wa Kachi, waliwapa Wahindu wote pasipo kubagua. Na kwa kuwa aghalabu walijuana nao dukani tu, juu ya daftari la deni, wakawatungia na ile methali ya kiatu ambayo kila mtoto wa Kiswahili aijua kabla hajamjua Baniani mwenyewe. Sisi tuliijua. Hatukujua kwamba kunyamaza kwa nadhiri, ambako wao hukuita mauna, ni ibada kongwe katika dini yao, wala kwamba yule mzee mwenye kipara na nguo nyeupe, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya rafu ya sabuni, ni Mahatma Gandhi, aliyepita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akiwa kijana asiyejulikana safarini kwenda Natal, na ambaye katika uzee wake, hata katika siku ambazo ufalme mzima wa Kiingereza ulikuwa ukingoja jawabu lake, aliifanya Jumatatu kuwa siku ya kutosema, akiwajibu mawaziri na waandishi wa habari kwa vikaratasi. Bila shaka mwenye duka letu aliichukua Jumatatu yake hapo. Hayo niliyajua baadaye sana, mimi mwenyewe nikiwa mwalimu. Wakati ule nilijua tu kwamba yupo mtu mzima ambaye siku moja katika juma haruhusiwi kusema, na kwa mtoto wa miaka minane hakuna kishawishi kikubwa kuliko hicho.

Basi Jumatatu moja ya kiangazi, mimi na wenzangu wawili, baada ya kushindwa kumsemesha kwa kuuliza bei ya sukari ya kijani na ya vibiriti vya kuwashia maji, tulikwenda tukajificha nyuma ya ukuta wa uani, kisha mmoja wetu (sitamsingizia mwingine, alikuwa mimi) akaibuka mbio mlangoni akapiga ukelele: "Moto! Moto! Baniani, nyumba yako yaungua!" Hakupiga yowe. Aliruka kaunta kwa wepesi ambao hatukuutazamia katika umri wake, akatwaa ndoo ya maji iliyokuwa nyuma ya mlango, akakimbia miguu mitupu hadi uani, na sisi tukasikia maji yakimwagika njiani na vikombe vikianguka. Alirudi polepole. Aliketi, akapangusa miguu kwa kitambaa, akavuta kibao, akaandika neno moja, akanigeuzia mimi nilisome: *Wapi?*

Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hasa moto uko wapi ili akauzime. Nilikimbia, na tokea siku hiyo nikawa nazunguka duka la pili kununua chumvi. Mwaka 1971 Serikali ilipoyataifisha majumba ya kupangisha, Wahindi wengi wa miji yetu walianza kuhama, wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza na Kanada, na nilipopita Masasi nikitoka chuo cha ualimu milango ile ya kijani ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Sikumwona tena.

Nimeanza mbali, msomaji wangu, kwa sababu safari ninayotaka kuisimulia haikuwa na maana kwangu ila kwa kibao kile. Safari yenyewe ilikuwa ya korosho. Sisi watu wa Newala, kama inavyojulikana, tumeishi kwa mkorosho kwa vizazi kadhaa, twauza korosho ghafi katika minada ya chama kikuu, na kila mwaka twaulizana kwa nini kokwa zetu zisafiri zikabanguliwe ng'ambo; na mnamo Machi 2023, kwa ukarimu wa rafiki yangu wa biashara hiyo, nilipata fursa ya kwenda kutazama ubanguaji wa wanakijiji katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, upande wake wa mashariki uitwao Karangasem, ambako miteremko mikavu ya mlima Agung imeota mikorosho ileile, yenye vigogo vilivyopinda vilevile, hata nilipoamka asubuhi ya kwanza na kuiona nilidhani nimeota kwamba nilisafiri.

Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani, ila Bali ni kisiwa cha Wahindu, na Uhindu wao si ule wa Gujarati uliokuja kwetu na majahazi, bali umechanganyika kwa karne nyingi na mizimu, mashamba ya mpunga na milima ya kwao. Nilikusudia kuondoka Jumatano tarehe 22 Machi, niwahi kuianza Ramadhani nyumbani. Mwenyeji wangu, mzee wa rika langu mwenye kuvaa kilemba kidogo cha kitambaa na kufuga majogoo, aliposikia tarehe hiyo alicheka kwa adabu, akamwita mwanawe anifasirie kwa Kiingereza, nami na kijana huyo tulikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, kila mmoja kwa namna yake. Siku hiyo, nikaambiwa, hakuna ndege. Si kwamba ndege zimejaa. Uwanja wenyewe wa Ngurah Rai hufungwa kwa saa 24, na bandari hufungwa, na barabara hufungwa, na redio na televisheni hunyamaza, na tangu mwaka 2018 hata intaneti ya simu za mkononi hukatwa. Ni Nyepi, mwaka mpya wa kalenda yao ya Saka, ambao mwaka huo ulikuwa wa 1945, kwa kuwa kalenda hiyo iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa miaka 78. Na jina lenyewe latokana na *sepi*, yaani kimya.

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Mtu aliyezuiwa na mvua hukasirika na kusahau. Mtu aliyezuiwa na dini ya wengine ana shughuli ya kujiuliza kama ana haki ya kukasirika.

Siku za kuelekea kimya hicho zilikuwa na makelele kuliko harusi. Kwanza walishuka pwani kwa misafara, wamevaa nyeupe, wakibeba vitu vitakatifu vya mahekalu yao wakavitakase kwa maji ya bahari; kisha, usiku wa kuamkia Nyepi, yakatoka masanamu waliyoyajenga vijana wa mitaa kwa mianzi na karatasi, marefu kupita nyumba, yenye meno, matumbo na macho ya kutisha, yaitwayo *ogoh-ogoh*, yakibebwa juu ya jukwaa la mianzi na vijana ishirini au zaidi, huku ngoma za shaba zikipigwa kwa fujo. Kila wafikapo njia panda waliyazungusha mbio, ili shetani apate kizunguzungu asijue njia ya kurudi. Majumbani nako watu walizunguka vyumba wakipiga masufuria na mianzi na kushika mienge. Mwenyeji wangu aliniangalia aone kama nimeogopa. Ningeogopaje, mimi niliyezaliwa Newala, niliyewaona mapiko, ambao wengine kwetu huwaita midimu, wakitokea vichakani siku za kumaliza jando, kichwa kizima kimevikwa kinyago chenye chale na meno, mwili umefungwa vitambaa hata ngozi isionekane, na mama zetu wakikimbia kwa woga ambao leo siwezi kusema ulikuwa wa kweli kiasi gani na wa mchezo kiasi gani? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipofika Masasi na Newala kuchunguza mila zetu, alikuja na fonografu, akazinasa nyimbo zetu katika mitungi ya nta, akaenda nazo Ulaya. Kelele zetu, basi, zimehifadhiwa. Kimya kilichokuja baada ya ngoma, alfajiri, wakati vinyago vimefichwa na kila mtu amelala fofofo, hicho hakuna aliyekinasa, na mashine ile isingejua ifanye nini nacho.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatano kila kitu kilikatika.

Sheria za siku hiyo ni nne, na wenyewe huzitaja kwa majina ya jadi: moto usiwashwe, wala taa, kazi isifanywe, mtu asitoke kwenda popote, na pasiwe na anasa wala burudani. Wacha Mungu zaidi hufunga kula na kusema. Wengine hula chakula kilichopikwa jana, na husema kwa kunong'ona. Mke wa mwenyeji wangu, akijua kwamba katika nyumba yao nguruwe huliwa na kwangu ni haramu, alikuwa ameninunulia sufuria mpya, na ndani yake, toka jana jioni, alinipikia samaki na wali akavifunika kwa majani ya mgomba; na jambo hilo la sufuria mpya, lililofanywa bila kutajwa, nililigundua tu kwa sababu karatasi ya dukani ilikuwa bado imebanduka nusu kwenye kitako chake.

Nilipewa kiti barazani, kwenye ua wenye kuta nne. Nami, kwa kuwa ni msafiri, na msafiri ni mtu aliyelipa nauli ili aone, nilingoja kuona. Nilifungua daftari. Niliandika saa. Niliandika kwamba jogoo amewika, kwamba mwenye nyumba ameketi chini ya mfenesi macho yamefumbwa, kwamba mjukuu amezuiwa kukimbia. Baada ya hapo sikuwa na la kuandika. Mapiko huwa na cha kutazama, harusi huwa na cha kutazama, hata maziko yana cha kutazama. Lakini hapa watu takriban milioni nne wa kisiwa kizima walikuwa wanafanya jambo kubwa kuliko yote ya mwaka wao, na jambo lenyewe halikuwa na hata sehemu moja ya kuonekana kwa macho. Nilichoweza kukiona ni ukuta.

Karibu na saa nne nilishindwa. Nilijongea langoni, palipokuwa na ufa kati ya mbao mbili, nikatia jicho. Barabara iliyokuwa jana na pikipiki zisizohesabika ilikuwa tupu, inang'aa kwa jua, na katikati yake, mahali hasa pa kupita magurudumu, alilala mbwa mweusi chali, miguu juu, kama mfalme. Majani makavu yalisogezwa na upepo juu ya lami nikasikia kila moja likikwaruza. Ndipo akatokea mlinzi wa mila, mmoja wa wale waitwao *pecalang*, mtu mnene aliyevaa kikoi cha mirabaraba ya nyeusi na nyeupe, akitembea pekupeku ukingoni mwa njia, na sijui kwa hila gani akajua kwamba kuna jicho ufani. Alisimama. Hakusema kitu, hakukunja uso. Aliinua kiganja cha mkono kwa upole, kama amwambiavyo mtu ng'ombe wake mwenyewe, nami nikarudi nyuma hatua mbili, nikaketi, nikalifunga daftari.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Baniani, baada ya miaka hamsini na zaidi. Na nilichokikumbuka si moto wala ndoo, bali kwamba tulikuwa wavulana watatu tuliosimama nje ya kimya cha mtu tukikichungulia ufani, tukitaka kitoke nje tukione.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba baada ya hapo nilipata utulivu. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimechoka na kuchukia. Simu ilikuwa kipande cha kioo. Na ndani ya kichwa changu, kwa vile nje palikuwa kimya, kulianza baraza lisilo na mwenyekiti: hesabu za salfa niliyoikopa msimu uliopita, mpaka wa mikorosho ninaougombania na ndugu yangu tangu mama yetu afariki, maneno niliyomwambia mtu mwaka 1988 na ambayo ningeweza kuyasema vizuri zaidi. Niligundua kwamba mimi, niliyejiona mtu mpole wa maneno machache, nilikuwa nasema mfululizo. Ila nilikuwa nasema mahali ambapo hakuna aliyeweza kuniomba nikome.

Kulikuwa na tatizo jingine, la kisheria. Maalimu wangu wa chuoni pale Newala alitufundisha kwamba ingawa Zakaria alinyamaza siku tatu kwa amri ya Mola wake, na Bibi Maryamu aliweka nadhiri ya kutosema na mtu, sisi umma wa Muhammad hatuna ibada ya kunyamaza mchana kutwa hadi usiku. Mtume mwenyewe aliikataza. Kwa hiyo sikuweka nadhiri yoyote. Nilimsalimu mwenyeji kwa kunong'ona, naye akaniitikia kwa kunong'ona, na adhuhuri na alasiri, ambazo kwa kawaida husaliwa kwa siri, zikapita bila taabu. Magharibi ndiyo niliyoisali kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu. Baada ya salamu nilitoka uani kutafuta hilali, kwa kuwa mwezi ule wa giza ambao Wabali waliufanyia Nyepi ndio uleule uliokuwa unatuzalia sisi Ramadhani, na usiku wao wa kimya ulikuwa usiku wetu wa kwanza wa tarawehe. Mwezi wenyewe nilinyimwa na miti ya magharibi. Niliiona Zuhura tu, inawaka kama kandili, na juu yake Kilimia. Misikiti ya kisiwa hicho, nilivyoelezwa, ilikubaliana na wazee wa Kihindu kwamba wenye kusali tarawehe watasali nyumbani, au watakwenda kwa miguu kwenye msikiti ulio jirani, bila vipaza sauti na kwa taa hafifu. Mimi nilisali chumbani, rakaa nane, gizani, pasipo kuona hata mkeka ulipoishia, na nje ya dirisha Mhindu mwenyeji wangu alikuwa ameketi katika giza lilelile na ibada yake.

Lazima niseme neno juu ya giza hilo. Watu waliotoka Jakarta na Ulaya husafiri kwenda Bali kwa ajili ya siku hiyo waone nyota, na ni kweli zilikuwa nyingi hata zikanitia haya. Lakini mimi nilikua Newala, juu ya uwanda wa Makonde, siku ambazo taa ya chemli ilikuwa mali. Nimekaa ukingoni mwa ule mteremko tuuitao Shimo la Mungu, ambapo nchi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma likafunguka chini hadi Msumbiji, usiku usio na taa hata moja upande huu wala upande ule. Nyota zile zilikuwa zetu kila usiku, bure. Je, tulikuwa na Nyepi mwaka mzima bila kujua? Nilijiuliza hivyo kwa furaha kwa muda wa dakika chache, kisha nikawakumbuka wanawake. Uwanda wetu ni mchanga unaokunywa mvua yote na kuishusha chini. Kabla ya mabomba yaliyoanza kuvutwa miaka ya 1950, na kwa vijiji vingi hata baada yake, mama zetu waliamka saa nane za usiku wakashuka mteremko na vibuyu na mitungi kutafuta maji mabondeni, wakapanda nayo kichwani kabla ya jua. Kimya cha usiku wa Newala kilikuwa na nyayo ndani yake. Mama yangu alikuwa akishuka bila kusema, si kwa ibada. Alikuwa anaweka akiba ya pumzi. Giza letu tulilikuta limekuja na kukosa, wala hakuna aliyetuuliza kama twalitaka. Hili la Karangasem watu walikaa wakapatana, tajiri mwenye hoteli na maskini mwenye kibanda, wakazima kwa pamoja, na kesho yake wangewasha. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba mama hakuziona nyota.

Daku nililila kwa kupapasa: wali wa baridi, samaki, ndizi mbili. Saa kumi na mbili asubuhi, mahali fulani chini ya kijiji, pikipiki moja ilitiwa moto, ikakohoa, ikazimika, ikatiwa tena, na mjukuu wa nyumba akapiga kelele ya furaha iliyokuwa imemkaa kifuani tangu jana.

Siku inayofuata Nyepi huitwa Ngembak Geni, kuwashwa upya kwa moto, na kazi yake ni kwenda nyumba kwa nyumba kuombana radhi. Mzee mwenyeji alikuja barazani kwangu amevaa vizuri, akaunganisha viganja mbele ya kifua, akasema neno ambalo halikuhitaji mfasiri: *maaf*. Katika siku zile nilikuwa nimekwisha kustaajabu mara nyingi jinsi lugha yao na yetu zilivyochota kisima kimoja, wao wakisema *kabar* tusemapo habari, *waktu* tusemapo wakati, *dunia* tusemapo dunia. Lakini *maaf* ilinikuta sijajiandaa. Nilimwomba radhi kwa kero zangu za mgeni. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza mwanawe habari za duka la kijani, chaki, ndoo, na yowe langu, naye akamfasiria baba yake polepole. Mzee alicheka sana kwenye sukari ya kijani. Kwenye moto hakucheka. Aliuliza swali moja, na kijana akanigeukia: "Baba auliza, ulimjibu nini?"

Nilisema sikumjibu. Mzee akatikisa kichwa kana kwamba nimemwambia kuwa deni fulani halijalipwa, jambo la kawaida, lenye kurekebishika; akamwita mkewe alete kahawa, kisha akakumbuka kwamba nimefunga, akairudisha.

Nilifika Masasi siku tano baadaye, kwa basi kutoka Dar es Salaam, na kwa kuwa gari la Newala lilikuwa halijajaa, nilitembea mpaka kwenye ile safu ya maduka. Baraza ya saruji ipo. Milango sasa ni ya chuma, na ndani zauzwa simu, chaja, kadi za muda wa maongezi na vifuniko vya simu vyenye picha za wacheza mpira. Nje, juu ya kiti cha plastiki, lilikaa spika kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, likiimba kwa nguvu hata kioo cha kabati kilikuwa kinatetemeka, kwa kuwa jirani naye ana lake na hakuna anayetaka kushindwa. Nilipanda baraza. Nilisimama mahali niliposimama siku ile, mbele ya kaunta ambayo si ileile, nikanyoosha kidole kuonyesha waya wa chaja uliotundikwa ukutani, kisha nikainua vidole viwili, kwani mjukuu wangu naye aliniagiza.

Kijana mwenye duka alinitazama, akadhani labda nimesema na muziki umenimeza. Akainama akalizima spika.

"Shikamoo, mzee. Umesemaje?"